Busu la Bunduki ya Nyati

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa macho mawili kabla hatujajua kuomba hata moja. Namshukuru kwa umri, kwa kazi aliyonijalia, na kwa nuru aliyonibakishia ya kuandika haya.

Siku yangu ya kwanza katika kliniki ya macho ya Gitega nilivaa koti jeupe alilonishonea baba, ambaye alikuwa fundi cherehani mtaani kwetu. Nilitarajia kupewa vyombo. Daktari mkuu, mtu mrefu asiyeinua sauti, alinipa kazi ya kuziba macho. Mgonjwa alikaa akitazama ubao wa herufi ukutani, nami nikamziba jicho moja ili jingine lisome. Niliziba kwa vidole.

"Kiganja," alisema daktari mkuu. "Kwenye vidole watu huchungulia, na wenyewe hawajui. Jicho zima humfanyia kazi mwenzake kimyakimya. Kila jicho lipime kama mgonjwa aliyekuja peke yake."

Nilidhani ni ukali tu wa wakubwa.

Kwa miaka mingi nilijifunza chini yake. Alinifundisha kutia dawa ya kupanua mboni, kisha kukaa na mgonjwa kwenye chumba chenye giza na kumulika ndani ya jicho kwa taa ndogo. Huko nyuma kuna utando mwembamba uitwao retina, ndio unaopokea picha. Ukiwa mzima una rangi ya chungwa iliyotulia. Kila nilipouona nilisema Subhanallah moyoni, na sikuwahi kuuzoea.

Baadaye nilihamishiwa Muyinga. Mkuu wangu huko alikuwa mtawa wa Kikatoliki, tuliyemwita Sista mkuu. Saa ya adhuhuri ilipofika alikuwa akiniambia, "Mama Saada, we nenda usali, foleni iko kwangu." Mungu amlipe.

Ndiko alikokuja Elia. Alikuwa mlinzi wa wanyamapori, kijana aliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania na kurudi na wazazi wake waliokuja kulima. Alikuja kutafuta miwani mipya, kwa kuwa ile yake, yenye vioo vizito vya mtu asiyeona mbali, ilikuwa imevunjika. Juu ya nyusi ya kulia alikuwa na kidonda chenye umbo la mwezi mwandamo.

"Nani amekupiga?" nilimuuliza.

"Bunduki, Mama. Wenzangu wanasema imenibusu."

Alinieleza kwamba kituoni kwao kulikuwa na bunduki moja kubwa, iliyowekwa kwa ajili ya nyati na viboko wanaoingia mashambani. Risasi inapotoka, bunduki hurudi nyuma kwa nguvu. Walinzi waliita hilo teke. Aliyeweka uso karibu mno na darubini ya kulengea, ukingo wake ulimkata juu ya jicho. Na hapo ndipo ilipokuwa desturi yao: aliyekatwa alinunuliwa Fanta, akapigiwa makofi, akahesabiwa kuwa mlinzi kamili. Baada ya hapo hakutakiwa kulalamika.

"Niliwaambia naona vimulimuli," alisema Elia, "na masizi yanaelea. Shefu, mkuu wetu wa kituo, akasema, busu moja tu, tayari unataka talaka?"

Alicheka. Mimi sikucheka.

"Na sasa unaona nini?"

"Pembeni kuna kama pazia jeusi. Linapanda. Lakini Mama, nipe miwani tu, kesho nina zamu."

Nilimtia dawa, tukangoja, nikamulika. Utando ulikuwa umebanduka ukutani na kupeperuka kama nguo kwenye kamba. Katikati tu, pale panaposoma na kutambua nyuso, ulikuwa bado umeshika. Pazia likifika pale, uoni wake wa kutambua uso wa mtu ungeweza kupotea, na huenda usirudi.

Nilimpigia simu daktari mkuu, kule Gitega.

"Katikati pameshika?" aliuliza.

"Pameshika, Daktari."

"Basi aje leo. Kwa gari, si pikipiki. Asikimbie, asibebe kitu. Nitamtafutia mpasuaji Bujumbura."

Sista mkuu alitoa gari la huduma bila kuuliza swali, akamfanyia Elia ishara ya msalaba kipajini. Mimi nikamsomea dua. Elia alisema kwa sauti ndogo, "Kumbe ni vibaya hivyo?" Sista mkuu akamfungulia mlango wa gari.

Kabla ya kukata simu nilikuwa nimemuuliza daktari mkuu kama teke la bunduki ndilo lililofanya vile. Jibu lake nalikumbuka kwa sababu halikuwa la mtu anayejionyesha.

"Jicho lisilo na ugonjwa kwa kawaida haliumizwi na teke lenyewe. Bega ndilo hupokea. Darubini ikikugonga usoni, hilo ni jambo jingine, ni ngumi. Na huyu ana macho ya kutoona mbali, utando wake ulikuwa dhaifu tangu zamani. Siwezi kuapa kwamba ni bunduki. Siwezi kuapa kwamba siyo."

Juma lililofuata nilikuwa na zamu ya kupima macho huko Gashoho, na nilipomaliza nikaomba nipelekwe kituoni kwa walinzi. Walikuwa wamekaa barazani, karibu wote na kile kimwezi juu ya nyusi. Shefu wao, mlengaji hodari aliyewafundisha wote, alinipokea kwa mzaha.

"Mama amekuja kututafutia miwani ya harusi?"

"Nianze na wewe, Shefu."

"Mi? Mi napiga gunzi la mahindi kutoka ng'ambo ya bonde."

Wenzake wakacheka. Nilibandika ubao wangu ukutani, nikamziba jicho la kushoto kwa kiganja. Alisoma hadi mstari wa mwisho, akawageukia wenzake kwa majivuno. Nikaziba la kulia.

Kichwa chake kikaanza kusogea, kikitafuta mwanya pembeni ya mkono wangu.

"Toa mkono, Mama. Umefunga yote mbili."

"Nimefunga moja, Shefu. La kushoto liko wazi."

Alipapasa uso wake mwenyewe, akahakikisha.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Sijui. Ile ya kushoto mi naifungaga tu, saa ya kulenga. Iko ya kufunga."

Mtu aliyefundisha kituo kizima kuona alikuwa kipofu wa jicho moja, na hakujua, kwa kuwa kazi yake ilimtaka alifumbe. Daktari mkuu alimtazama baadaye Gitega, akakuta utando uliobanduka miaka mingi iliyopita. Hakukuwa na la kutibu, wala la kuapia.

Elia alipasuliwa. Kivuli kidogo kilibaki pembeni, lakini katikati palipona, Alhamdulillahi. Hakushika tena bunduki ile. Shefu naye aliifuta Fanta. Kila asubuhi kabla ya zamu alipita kwa walinzi wake, akiwaziba jicho moja moja kwa kiganja chake kipana, na aliyesema anaona vimulimuli alipelekwa kwetu siku hiyo hiyo.

Sasa nimestaafu, niko Gitega. Mshtuko wa siku ile barazani haujanitoka, na namshukuru Mungu haujanitoka. Nikimaliza sala ya alfajiri huziba jicho moja nikatazama dirisha, kisha jingine, na hushukuru mara mbili.

Mwezi uliopita Elia alipita kwangu akielekea Buraza kumwona mama yake. Alisimama mlangoni, na kabla ya salamu akaziba jicho la kushoto kwa kiganja.

"Nakuona, Mama Saada. Umezeeka."

Akaziba la kulia.

"Na huku pia umezeeka."

Ewe msomaji, Mwenyezi Mungu akuhifadhie nuru ya kulia na nuru ya kushoto, akupe mtu wa kukuamini unaposema unaona giza, na akukutanishe na nyuso uzipendazo ukiwa bado unazitambua. Amin.