Gredi ya Tano na Majani Chai Yangu

Nawaambia hii kwa sababu kijiji kizima cha Kanja kinaijua, na afadhali mnisikie mimi kuliko yule mama wa kioski cha mandazi, ambaye huongeza chumvi.

Mimi hufundisha Gredi ya Tano, na nilikuwa nimeapa watoto wangu wataijua Katiba, si kuikariri tu, waitumie, wamuulize mkubwa swali wakimtazama usoni, maana sisi tulilelewa kunyamaza na sikutaka hiyo iendelee. Sasa Alhamisi moja mchumaji wangu wa majani chai akaugua, lori la majani linakuja saa tisa, mvua imefunga kule mlimani, nami nikaona watoto wangu wametoka tu kula, wana nguvu. Nikawaambia, "Leo hakuna hesabu, tuna kilimo kwa vitendo." (Shamba langu limepakana na uwanja wa shule, shetani hakuhitaji kutembea mbali.) Walichuma vizuri sana, nikawapa ndizi, nikasahau.

Wiki mbili baadaye ikawa siku ya wazazi. Nikamsimamisha Wawira, msichana ambaye mwaka jana hata jina lake alilisema kwa kunong'ona, na moyo wangu ulikuwa unadunda kama mimi ndiye mamake. Akakitoa Kifungu cha hamsini na tatu bila kukwama: mtoto ana haki ya kusoma, kula, kutotumikishwa. Makofi! Ningenyamaza hapo mambo yangeisha, lakini kiherehere changu mnakijua, nikachukua maikrofoni nikasema, "Wazazi, ulizeni lolote, hawa si kasuku."

Mzee Nyaga, mwenyekiti wa wazazi, akainuka. "Hiyo kutumikishwa ni nini, kasichana? Tupe mfano."

Wawira akaniangalia, akaangalia viatu vyake. "Ni kama ile siku tulichuma majani chai ya Mwalimu badala ya hesabu."

Halafu mtu mmoja akacheka nyuma, halafu uwanja mzima. Mwalimu mkuu akaruka, "Haya, haya, kaa chini wewe!" na nikaona mtoto ameanza kusinyaa, ile sauti niliyoitafuta mwaka mzima inarudi tumboni. Masikio yalikuwa yananichoma kwa aibu, lakini hapana, hiyo singekubali.

"Asikae," nikasema. "Amesema ukweli. Nilikosea, wazazi. Na nyinyi watoto, mnisamehe." Jasho lilinitoka mpaka wigi ikateleza (ndiyo, hiyo pia waliiona).

Tangu hapo nachuma mwenyewe, Jumamosi, mgongo ukilia. Juzi Wawira alikuwa akipita, akasimama kando ya shamba.

"Mwalimu, nikusaidie?"

"Kwani wewe unataka?"

Akafikiria kidogo. "Hapana. Nilikuwa nauliza tu kwa heshima."

"Basi enda ukacheze."

Akaenda mbio, nami nikainama tena nikicheka peke yangu. Mtoto wa mtu hatagusa chai yangu tena, hiyo naapa. Lakini siku ya wazazi ijayo, maikrofoni ni yake.