Ndani ya Puli

Bichage alikuwa mtu wa kuamini masikio yake. Kila kitu alichokisubu kwa alumini ya kuyeyusha katika kibanda chake nyuma ya soko la Migori, kiwe sufuria, puli au propela ya mashua ya watu wa Mbita, alikining'iniza kwa kamba, akakigonga kwa nyundo ndogo na kuinamisha kichwa. Kikilia vizuri, kinauzwa. Kikitoa sauti ya mtu mwenye mafua, kinarudi chunguni kuyeyushwa upya. Wateja walimtania wakamwita daktari wa vyuma, naye cheo hicho hakukikataa. Kusema kweli alikipenda sana, na Jumamosi kanisani alitembea kama mtu aliyekisomea.

Mwanawe wa pekee, Oyaro, hakuupenda moshi wa kibanda kile. Alikwenda zake kwenye mashimo ya dhahabu kule Nyatike, akawa anapakia mawe chini ya shimo, yakipandishwa kwa ndoo kubwa iliyovutwa na winchi. Ijumaa moja puli, lile gurudumu linalobeba waya juu ya shimo, ikavunjika. Ndoo ikaanguka na mawe yake, na Oyaro alikuwa juu ya mawe hayo.

Watu wa mashimoni hawana adabu ya msiba. Msimamizi wa shimo alisimama mazishini, mbele ya mama mtu, akasema kijana alijaza mzigo wa ndoo mbili ndani ya moja, kisha badala ya kutumia ngazi akapanda juu ya mzigo ili atoke haraka. "Puli haikuwa na makosa," alisema. "Ni yeye alizidisha." Kisha akaketi, akala ugali wa watu.

Haraka yenyewe ilitoka wapi, Bonareri, mke wa Bichage, alijua. Wao ni Wasabato, tena si wale wa kuvaa suti Jumamosi tu. Kwao Sabato huingia Ijumaa jua likizama, na likizama likute moto umezimwa, ugali umeiva na kila mtu ameoga. Mchana ule Bonareri alikuwa amempigia mwanawe simu. Akamwambia aje mapema, jua lisimpate shimoni kama mpagani. Oyaro akacheka, akasema, "Sawa mama, wacha nimalize mzigo moja." Maneno hayo Bonareri hakumwambia mchungaji wala dada zake. Alimwambia mumewe peke yake.

"Baba Oyaro," alisema, "kama hiyo puli ilikuwa mzima, basi ni mimi nimeua mtoto."

Bichage naye alikuwa na lake, tangu walipoitwa kituo cha polisi.

Pale kituoni waliwekewa puli mezani, imepasuka vipande viwili. Bonareri aliitazama kama mtu anavyomtazama nyoka. Bichage aliigusa ukingoni, na kidole chake kikakutana na kinundu kidogo ambacho hakuna mwingine angekitambua. Kielelezo chake cha mti, kile anachokikandamizia mchangani ili alumini ipate umbo, kina fundo lililotokeza mahali hapo, na kila puli anayoisubu hutoka na kinundu hicho. Puli ile ilikuwa yake. Alikuwa amemuuzia Dahir, mwenye duka la vyuma mjini, na Dahir akawauzia watu wa shimo kama anavyowauzia misumari. Mkewe, aliyekaa na vyuma uani miaka yote ya ndoa yao, kwake vyuma vyote ni vyuma tu. Bichage akaondoa mkono, akafuta kidole kwenye suruali, na hakumwambia mtu.

Aliikumbuka siku aliyoimwaga. Zilikuwa siku za mvua, mchanga ulikuwa na unyevu, naye hakuukausha sawasawa kwa moto kwa sababu kuni zenyewe zilikuwa mbichi. Kila fundi anajua alumini ya moto ikikutana na maji hutokea nini: mvuke huingia ndani, chuma kinaganda nao tumboni, na nje kinang'aa bila hatia. Aliigonga, hilo alikuwa na hakika nalo. Ililiaje? Hapo ndipo alipoanza kuumwa. Siku moja alikumbuka ililia kama kengele ya shule. Siku ya pili alikumbuka ilikohoa, naye akajifanya hakusikia.

Akaacha kazi. Moto haukuwashwa tena, na kuku wakaanza kutaga kwenye mchanga wa kusubia. Nyumbani alikuwa akigonga vikombe kwa kijiko na kutega sikio, hadi Bonareri akamnyang'anya kijiko. Usiku na mchana alimwomba Mungu puli ile ionekane haikuwa na kasoro ndani. Hebu fikiria maana ya dua hiyo. Puli ikiwa nzima, mkewe ndiye aliyemharakisha mtoto akafa. Bichage alijua vizuri anachokiomba, na bado aliomba, mpaka magoti yakafanya sugu. Kukata tamaa humfanya mtu awe mchafu hivyo, na asiyeamini ashukuru hajafika hapo.

Bonareri naye hakuomba tu, alitembea. Alitaka vipande vya puli ile vikatwe ili ndani yake paonekane. Polisi wakasema haiwezekani, ni ushahidi, hakuna msumeno utakaoigusa kabla hakimu hajachunguza kifo chenyewe. Akamwendea afisa wa madini, akarudi, akamwendea tena, akawa anaketi nje ya mlango wake na chupa ya uji, mpaka yule bwana akaona heri amsaidie. Alimwambia kuna chuo cha ufundi Homa Bay kilicholetewa mashine ya kupiga chuma picha za ndani bila kukikata, kama ile wanayopigiwa watu kichwa hospitalini wakigongwa na pikipiki.

Wakaenda kwa gari. Askari alikaa mbele na puli ndani ya gunia, wazazi nyuma. Walipita Rongo, wakapita Rodi Kopany palipokuwa na soko. Mlangoni pa maabara waliambiwa ndugu mmoja tu ndiye angeingia pamoja na askari. Bonareri akaketi kwenye benchi la nje.

"Ingia wewe, Baba Oyaro. Wewe ndio unajua vyuma," alisema. "Mimi naogopa."

Mtaalamu wa mashine alikuwa mwanamke kijana, Shamima, mwenye sauti ya upole. Aliweka vipande juu ya sahani ndani ya kabati zito, akafunga mlango, na sahani ikaanza kuzunguka polepole huku mionzi ikipenya alumini kutoka kila upande. Alimweleza Bichage kwamba kompyuta ingeunganisha picha zote ziwe kitu kimoja, halafu angeweza kukitazama kipande kwa kipande kama mkate uliokatwa, ilhali kisu hakijagusa.

"Kukiwa na mashimo ndani utaona madoadoa meusi, mzee," alisema.

Bichage alishika ukingo wa meza. Picha ikaja, ya kijivu. Shamima akateremka nayo, tabaka baada ya tabaka, kutoka upande mmoja wa puli hadi wa pili, na ilikuwa kijivu tu, safi, kama ukuta uliopigwa lipu na fundi mzuri. Kulikuwa na vidoa viwili vitatu karibu na kitovu, vidogo kama mbegu za nyanya.

"Hivi ni kawaida, na viko mbali na mahali ilipovunjika," alisema Shamima. "Hii kazi ni nzuri. Imevutwa na uzito ambao haikutengenezewa. Ilizidiwa."

Furaha ilimpanda Bichage mpaka akaona haya. Karibu aimbe. Hakumuua mwanawe, mchanga wake haukumuua, masikio yake hayakumdanganya. Askari alikuwa anapiga miayo. Bichage akashukuru, akaomba maji, akanywa glasi nzima, na kabla hajaiweka chini akamwona mkewe kupitia dirishani. Alikuwa ameinama, mikono miwili ameibana katikati ya magoti, midomo inakwenda.

Ile furaha ikamtoka papo hapo, yote.

Alitoka, akaketi kando yake. Ripoti ingeandikwa kwa Kiingereza, iende kwenye meza za wakubwa. Siku ambayo hakimu angeisoma, ifike ikipenda.

"Wamesema nini?" aliuliza Bonareri bila kuinua kichwa.

"Puli ilikuwa mbovu. Ndani ni mashimo matupu. Hata ingebeba kuku ingevunjika tu."

Bonareri akavuta pumzi, akaitoa, akaivuta tena. Machozi yalimtiririka naye hakuyafuta. "Mtoto wangu hakukosea," alisema. "Mimi sikumuua." Alilirudia neno hilo kwa sauti ndogo, kisha akageuka. "Ni fundi gani alitengeneza kitu kama hiyo?"

"Ni mimi."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu kituo cha polisi."

Hilo lilikuwa kweli.

"Kwa hivyo uliniangalia nikijiua na mawazo, miezi hii yote, na wewe unajua?"

"Niliangalia."

Bonareri akasimama, akakaza kitambaa chake, akachukua mkoba. Alimwambia asimfuate, angejipeleka mwenyewe nyumbani kwa dada zake. Kisha akashika njia ya kwenda barabarani. Tangu mazishi alikuwa akitembea kama aliyebebeshwa gunia. Sasa mgongo wake ulikuwa umenyooka. Bichage alimtazama mpaka akapotea nyuma ya ukuta wa chuo, na hakumwita.