Jina la Wavushaji

Wasomaji wangu, fundi cherehani wa mtaa wa Mabanga aliyenishonea suti ya harusi amefariki. Alifia nyumbani, kwa kuwa askari walikuwa wamefunga barabara ya kwenda hospitali. Tangu nipate habari hiyo, kila gari likisimama nje nashtuka. Jina la ukoo wake, kwa lugha ya kisiwani Idjwi, lina maana ya mtu anayekaa nyuma ya mtumbwi na kuuongoza. Babu zake walivusha watu ziwani Kivu, na kazi ikawa jina. Yeye alizaliwa mjini, na mawimbi yalimtia kichefuchefu.

Volkano ilipolipuka na mto wa moto kuukata mji, tulikimbilia ufukweni. Mtumbwi ulikuwapo, mwenyewe hayupo. Watu walinong'onezana kwamba moto ukiingia majini, gesi iliyolala chini ya ziwa itatuua sote. Jirani yetu mmoja, mjamzito, akamshika fundi mkono. "Papa, ninyi ni batu ba maji. Utuvukishe!"

"Mama, mimi sijue hata kuogelea. Ni jina tu."

Mama yule hakumwachia. Fundi akapanda, akashika kasia. Tulizungushwa na maji, tukalowa, tukasali kwa sauti, hadi mtumbwi ukamtii. Alitushusha mbali na moto, akatapika, kisha akarudi kuchukua wengine.

Baadaye yakaja maasi, na jina lilelile likamponza. Kwenye kizuizi kimoja, bariyeri kama tunavyoviita, kijana mwenye bunduki alisoma kitambulisho chake. "Jina hii ni ya wapi? Uko wa upande gani?" Fundi akajibu, "Ni ya ziwa, shefu. Bababu betu balikuwa banavusha batu." Walimweka juani hadi jioni. Tangu siku ile wanawe hujitambulisha kwa majina ya ubatizo tu.

Juzi matangani binti yake, aliyejifungua karibuni, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Papa, nimupatie mutoto jina ya muzee? Kwenye bariyeri bataisoma." Nikamwambia ampe, na akampa.

Sijui kama nilimshauri vema. Naandika haya nikiwa na hofu. Lakini wazee hawakuulizana upande walipoitana majina. Walitazama mtu amewafanyia nini wenzake. Tukiacha wenye bunduki watufasirie majina yetu, watoto wetu watarithi woga peke yake.