Asali Mdomoni mwa Mungu wa Jiko

Nilisikia midomo kabla sijaona uso wa mtu. Nilikuwa bado barazani, na darasa zima lilikuwa likitoa mlio mmoja, mwa, mwa, mwa, kama watu wanaotaka kusema huku vinywa vimegandana. Nikatabasamu. Nilidhani wanalicheza somo langu la jana.

Ilikuwa mwanzoni mwa amani, miaka ile ya sabini, katika shule moja ya mtaa wa Kator, mjini Juba. Wanafunzi wangu wengi walikuwa wamerudi kutoka Uganda, baadhi yao wana ndevu tayari. Waliketi pamoja na wachache ambao familia zao hazikukimbia vita. Waliorudi waliniita mwalimu. Waliobaki waliniita ustaz, kwa Kiarabu. Mimi nilikuwa kijana niliyeamini kwamba hadithi nzuri haina adui.

Jana yake niliwafundisha sikukuu za Wachina, nikawapa habari za Mungu wa Jiko, kama nilivyosimuliwa na daktari Mchina aliyenitibu malaria. Picha yake ya karatasi hubandikwa juu ya meko. Mwaka mzima huitazama familia: nani kanyima mgeni chakula, nani kamtukana mkwewe. Mwaka mpya ukikaribia, hupanda mbinguni kutoa habari. Basi watu humpaka asali mdomoni, aseme matamu tu, au midomo igande asiseme kitu.

"Mwalimu, huyo mungu iko jasusi!" mmoja alipiga kelele.

"Hata hapa Juba iko!" akadakia mwingine. Kengele ikalia wakicheka.

Sasa niliingia nikakuta ubaoni wamechora mwanamume mwenye kofia ya karani, midomo yake imepakwa asali ya kweli, nzi wamejaa. Kwenye dawati la mbele alikaa binti mmoja wa mtaa wa Atlabara, akiitazama picha hiyo bila kupepesa. Baba yake, karani wa bandari ya mtoni, alibaki mjini wakati wote wa vita, na waliorudi walinong'onezana kwamba ndiye aliyewapa askari wa serikali majina ya watu wa kukamatwa. Hakuna aliyekuwa na ushahidi.

"Nani kachora?"

"Tunadurusu tu, mwalimu," alijibu kijana mmoja mrefu. Kaka yake alichukuliwa na askari mjini humu, hakuonekana tena.

Binti akageuka. "Ustaz, muulize huyu. Watu wote wakishakimbia, anayebaki jikoni atasema habari za nani?"

"Za kaka yangu."

"Baba yangu alikuwa anaandika magunia ya mtama. Magunia tu, khalas!"

"Na majina je?"

Nikaufuta ubao haraka, kitambaa kikinata mkononi. Nikaikimbilia sehemu ya hadithi iliyokatwa na kengele. Nikawaambia habari haiishii kwenye asali. Mwaka mpya ukifika watu hubandika picha mpya na kuanza upya. Ile ya zamani huondolewa.

"Huondolewa vipi?" aliuliza yule kijana.

Ningeweza kudanganya. "Huchomwa," nikasema. "Moshi ndio unaompandisha mbinguni. Ni heshima kwake."

Neno heshima halikumfikia mtu. Kule nyuma sauti ikasema taratibu, "Kumbe dawa yake iko moto."

Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo nilipoogopa.

Binti akaanza kukusanya vitabu vyake. Kwao yeye ndiye msichana wa kwanza kufika darasa lile.

"Kaa, binti. Mtihani umekaribia."

"Nikae na nani, ustaz?"

Nikatazama madawati. Wasichana waliokuwa wakisoma naye kitabu kimoja waliinamisha vichwa. Nilitafuta hata mmoja wa kumwita kwa jina, aje akae karibu naye. Sikumpata.

"Naenda bandarini kwa baba," akasema. "Arudi nyumbani kabla hawa hawajatoka."

Akapita katikati yao. Kijana mrefu akainuka, nikadhani anataka kumwita. Alingoja mpaka binti alipovuka kizingiti, kisha akaufunga mlango.