Siku Nilipomfunga Mbuzi Mkanda

Ilikuwa saa nne na dakika kumi na saba asubuhi, siku ya Jumamosi, nilipoamua kumwaga oili ya pikapu yangu kabla ya kupeleka ndafu ukumbini, na naona aibu kusema kwamba hakuna aliyenituma, hakuna aliyeniomba, na hata pikapu yenyewe haikuwa imelalamika.

Ni pikapu ya dizeli, ya zamani, na yote ninayoyajua kuhusu injini yake nimejifundisha mwenyewe hapa Bowie, Marekani, mbele ya gereji, kwa vitabu vya mafundi na daftari langu (mke wangu, Mama Neema, anasema daftari hilo nalitunza kuliko cheti cha ndoa). Daftari linasema oili inamwagwa kila maili elfu tano, na asubuhi ile pikapu ilikuwa imezidisha maili thelathini na moja. Mtu mwingine angesubiri Jumapili. Mimi nilivaa glavu.

Siku yenyewe ilikuwa ya sendofu ya Aneth, mdogo wake Mama Neema, yaani sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Ukumbi ulikuwa Alexandria, wageni walikaribishwa saa tisa, na mimi nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya usafiri. Kwenye kikao mtu alipendekeza tukodi gari la mizigo, nikasimama nikasema, "Ya nini? Nina pikapu, na naitunza mwenyewe," wakanipigia makofi. Kazi yangu ilikuwa moja tu: ndafu ifike. Kwa asiyejua, ndafu ni mbuzi mzima aliyebanikwa, anawekwa juu ya ubao na majani mdomoni, kisha binti anayeagwa anamlisha mama yake kipande mbele ya ukumbi mzima. Kwetu sisi Wachaga, sendofu bila ndafu ni mkutano wa watu waliovaa vizuri. Na huyo mama, yaani mkwe wangu, alikuwa amepanda ndege kutoka Kilimanjaro kwa ajili ya kipande hicho.

Injini yangu inachukua madumu manne ya oili, galoni moja moja. Utaratibu wangu ni kupanga kila dumu tupu kando ya tairi la mbele, kwa sababu kumbukumbu ya mtu wa miaka hamsini na mbili si chombo cha kupimia. Nilikuwa nimemimina la tatu simu ikalia. Mhazini wa kamati alitaka kujua soda zinaenda na nani. Niliingia ndani kwa dakika kumi na moja. Niliporudi, kando ya tairi palikuwa na dumu moja.

Nilisimama nikalitazama. Moyoni nilikuwa na hakika kwamba nimemimina matatu, lakini (na hapa ndipo kujisomea kunapomponza mtu) nilijiambia moyo si ushahidi, ushahidi ni dumu, basi nikachukua mengine matatu kwenye rafu nikayamimina yote. Kijiti cha kupimia oili kilitoka kimelowa hadi karibu na kishikio. Nikasema gari limeegeshwa kwenye mteremko, kijiti kinadanganya. Nikaandika daftarini: galoni nne, sawa.

Saa saba na nusu shemeji yangu Wilbard, aliyekuwa akibanika nyuma ya nyumba tangu alfajiri, akaja na mbuzi wake juu ya ubao.

"Mweke nyuma na makreti ya soda," nikamwambia.

"Shem, acha utani. Huyu ndiye mgeni rasmi, anakaa mbele. Na umfunge mkanda, polisi wa huku hawana simile."

Tukamfunga mkanda. Wilbard akaondoka na Mama Neema kwenda kupanga meza, nami nikabaki kumsubiri mkwe amalize kuvaa. Nikawasha gari.

Dakika mbili za kwanza zilikuwa nzuri. Kisha mngurumo ukaanza kupanda wenyewe, mguu wangu ukiwa mbali na mafuta. Nikazima. Haikuzimika. Nikachomoa ufunguo, nikashuka, nikasimama nje na ufunguo mkononi kama mtu anayeonyesha kitambulisho, na injini ikazidi kupiga kelele, huku moshi mweupe ukitoka kwa wingi hadi sikuiona nyumba yangu mwenyewe. Nilijua hasa kinachotokea. Oili ikizidi, injini ya dizeli huweza kuinywa ikaifanya mafuta, na hapo haina haja tena na dereva. Dawa ni kuinyima hewa. Vitabu vinasema uzibe mdomo wa bomba la hewa kwa kitu bapa na kigumu. Havisemi utakipata wapi ukiwa umetaharuki.

Nikafungua boneti, nikang'oa bomba, nikavua shati langu la kitenge, sare ya kamati, nikalisukumia pale mdomoni. Injini ililimeza. Ilianza na kola, na mikono ikaingia mwisho, kama inayonipungia kwaheri.

"Baba Neema! Unachoma nini?" Huyo alikuwa Sista Wairimu, jirani yetu Mkenya, nesi, yuko barazani na gauni la kulalia. "Mimi nimetoka night shift! Moshi imeingia mpaka kwa bedroom! Nimeshapigia fire!"

Ndipo nikaukumbuka ubao. Nikafungua mlango, nikauvuta chini ya mbuzi, nikamwacha ameketi na mkanda wake, nikakimbia nikaubana kwenye mdomo wa bomba kwa nguvu zangu zote. Injini ikakohoa mara tatu, ikafa.

Katika kimya kile wakatokea zimamoto wanne. Mmoja akachungulia dirishani, akanijia polepole, akaniuliza kwa Kiingereza cha upole sana, "Bwana, yule ni mbwa wako?"

"Hapana. Ni mbuzi."

"Alikuwa ndani gari lilipoanza kuungua?"

"Aliungua kabla."

Akanitazama nilivyobaki na fulana, akautazama ubao. "Kabla?"

"Tangu alfajiri. Kwa makusudi."

Akarudi nyuma hatua moja. Wairimu akawapigia kelele kutoka barazani, "Officer, ni chakula! Ni ya sherehe! Hawa ni Watanzania!"

Hapo mlango wa nyumba ukafunguka, mkwe wangu akatoka amependeza, na mikononi ana madumu mawili yanayong'aa.

"Mwanangu, haya nimeyakuta umeyatupa pale kwenye tairi, nikayaosha kwa sabuni. Madumu mazuri, na vifuniko vyake! Nitarudi nayo nyumbani."

Nafsi yangu ilikuwa na maneno mengi. Lakini yule ni mkwe. "Asante sana, Mama," nikasema. Na zimamoto alipouliza chanzo, nikatazama chini nikamjibu, "Nilikosea kuhesabu."

Ilikuwa saa nane na robo. Wairimu akashuka na funguo za gari lake dogo la umeme. "Leta hiyo mbuzi hapa mbele. Mum akae nyuma na wewe. Soda ziache, mtakunywa maji." Nilitaka kukimbilia shati jeupe, mkwe akakataa: "Kamati nzima ina sare, wewe uingie kama mhudumu?" Akanifunga mtandio wake wa kitenge shingoni juu ya fulana, na hivyo ndivyo mwenyekiti wa usafiri alivyoingia ukumbini saa tisa na dakika saba, amekumbatia mbuzi.

Aneth akakata kipande, akamlisha mama yake. Mama akatafuna. Akaendelea kutafuna. Kisha akaomba kipaza sauti.

"Mwanangu, nakubariki. Lakini huyu mbuzi ananuka gari."

"Ni viungo vya Marekani hivyo, Mama!" Wilbard akadakia, na Aneth, aliyekuwa amekaza uso asilie, akacheka mpaka akalia kweli.

Nimeapa: boneti yangu haitafunguliwa tena siku ambayo mtu mwingine ananitegemea. Turbo iliyomeza shati, kuvutwa hadi kwa fundi wa Manassas, na shati lenyewe: dola elfu mbili mia tisa sitini na tatu.