Ngo Iliyosahaulika Ubaoni

Mwalimu Illuminée amefundisha Kiswahili kwenye shule ya Batsinda miaka kumi na tisa, na kwenye habari hana masihara. Kila Ijumaa huchukua habari moja ya Kinyarwanda kwenye simu yake, akaitafsiri ubaoni bila majina. Wanafunzi huinakili, kisha ukweli huupigia mstari wa buluu, na maoni ya mwandishi mstari mwekundu. Alikulia Bujumbura, na huko alimzika kaka yake, aliyeuawa kwa maneno ya kusikia tu. Jambo hilo halijamtoka moyoni, wala hataki limtoke.

Ijumaa hiyo habari ilihusu fundi wa magari wa Gatsata aliyekamatwa. Mwalimu aliandika: "Fundi mwenye tamaa aliiba injini ya mteja." Watoto wakaipigia "mwenye tamaa" mstari mwekundu, naye akafurahi. "Aliiba injini" wakaipigia wa buluu, akawatilia vema.

Gaju, ambaye siku zote humaliza wa kwanza, hakuwa amepiga mstari hata mmoja. Mwalimu alimwinamia kumuuliza kulikoni. Msichana akajibu kwa sauti ya chini:

"Mwalimu, umesahau ngo. Kule kwenye habari waliandika *ngo yibye*. Mimi najua yote kwa kichwa. Ule fundi ni papa yangu."

Ngo. Herufi tatu tu, lakini kwa Kinyarwanda ndizo zinazosema "inasemekana". Ukiziondoa, mtuhumiwa anakuwa mwizi. Illuminée, mwenye kaka aliyelala Bujumbura, alikuwa amemhukumu baba wa mtoto kwa haraka ya chaki, kisha akawatilia vema waliomwamini.

Aliona aibu, na hakuificha. Alifuta sentensi, akaandika "inasemekana aliiba", akaliambia darasa kwamba kosa ni lake mwenyewe. Jina la Gaju hakulitaja. Alipita dawati kwa dawati, akazifuta vema zake zote arobaini na tatu kwa mkono wake, hata kengele ikamkuta bado hajamaliza.

Wenzake walipotoka, Gaju alibaki na daftari lake wazi, kalamu mbili mkononi.

"Mwalimu, sasa hii inasemekana iko rangi gani?"

Illuminée alifikiri kidogo, maana hakutaka kukosea mara ya pili. "Bado haina rangi, mwanangu. Tunangoja."

Gaju akazifunika kalamu zake, moja baada ya nyingine.

"Na nyumbani tunangoja," alisema.