Kibuyu cha Hooyo na Moto wa Bushi

Ilianza Jumamosi saa kumi jioni, nyuma ya nyumba yetu hapa Isiolo. Baba alikuwa anabadilisha bushi za springi za Land Rover, zile pete za chuma zenye mpira, kwa sababu kesho yake angemrudisha Ayeyo, mama yake, nyumbani kwake Kulamawe. Bushi kuukuu zilikataa kutoka, basi akawasha kuni achome mpira wake. Wallahi nilishangaa! Mpira uliwaka ukatokota kama uji, na chuma kilichoishinda nyundo kikaanguka chenyewe.

Hooyo, mama yangu, akaita kutoka ndani, "Weh binti, umefukiza kibuyu?"

Kwetu kibuyu cha maziwa husuguliwa ndani kwa kijinga cha moto, ili maziwa yanukie vizuri. Jikoni moto ulikuwa umezima. Nami, macho bado kwa Baba, nikachomoa kijinga palepale chini ya bushi, nikakisugulia kibuyu.

Asubuhi Ayeyo alionja maziwa ya ngamia ya kibuyu kile, akaonja tena.

"Mke wa mwanangu," akasema, "huyu ngamia mnamlisha tairi?"

Hooyo akainamisha kichwa. Mtaa mzima humsifu kwa maziwa yake, na alijua ni mimi niliyefukiza, lakini hakunitaja. Nilimtazama nikashangaa kuliko nilivyoushangaa ule moto.

Mimi, ambaye hata mgeni akinisalimu hukimbilia jikoni, nikasimama. "Ayeyo, ni mimi. Nilifukiza na moto wa bushi."

Kisha nikachukua kikombe chake, nikayanywa yale maziwa mpaka tone la mwisho.